Midomo ya mzingefuri, macho ya kisutu: mapambo ya kujitengenezea nyumbani

Vipodozi mimi navigawa mafungu mawili, na mgawo huo ndio ninaokwenda nao katika kazi yangu ya kupamba maharusi hapa Unguja. Fungu la kwanza ni vitu vikavu, vitu vya mafuta matupu, na vitu vinavyochanganywa leo vikatumika leo: mafuta ya mdomo, liwa (uji wa mti wa msandali uliosagwa), singo (unga wa maua makavu wa kusugulia mwili), hina. Hivyo nataka uvitengeneze mwenyewe. Vya nyumbani vinavishinda vya dukani kwa harufu na kwa bei, na kubwa zaidi, unajua ulichotia. Fungu la pili ni vitu vyenye maji vinavyotakiwa kukaa miezi kabatini, vitu vinavyoingia jichoni, na vitu vya kukinga jua. Hivyo nunua, hata kama umeona video ya mtu anavikoroga jikoni kwake kwa dakika mbili.

Sababu yangu si woga. Penye maji vijidudu huzaana. Losheni ya kiwandani ina kihifadhi kilichopimwa. Ile uliyoichanganya kwa alovera na marashi haina, na kwa joto letu huharibika ndani ya siku chache, mara nyingi kabla pua yako haijasikia chochote. Kinga ya jua ya zinki nayo inataka chembe zake zisambae sawasawa katika kila tone. Mwiko hauwezi kazi hiyo, na hakuna kipimo cha nyumbani cha kukuonyesha mahali ambapo ngozi imebaki wazi. Tuyaweke hayo kando sasa, tuingie kwenye fungu letu.

Rangi ya mdomo ya mzingefuri

Ukipita mashamba ya viungo ya Kizimbani au Kidichi utawaona wanaotembeza wageni wakipasua tunda jekundu lenye vinywele, wanasugua mbegu kwa kidole na kumpaka mgeni midomoni. Mgeni anapiga picha, basi, mambo yameishia hapo. Mimi nasikitika kila nikiona, kwa sababu pale ndipo yalipofaa kuanza. Mti ule ni mzingefuri, wataalamu wanauita Bixa orellana, na rangi ya mbegu zake ni miongoni mwa rangi chache za asili zinazokubali kuyeyuka kwenye mafuta.

Hilo la kuyeyuka ndilo linalowashinda wengi. Wanachukua unga wa bitiruti au choya iliyokaushwa, wanatia kwenye mafuta ya nazi na nta, na wanashangaa kuona unga umezama chini ya kikopo na mafuta juu yamebaki meupe. Rangi ya bitiruti na ya choya ni ya maji. Kwenye sharubati zinang'ara, kwenye mafuta zinakaa kama mchanga. Mzingefuri kinyume chake: mafuta huivuta rangi mpaka mbegu zikabaki hudhurungi.

Chukua vijiko viwili vya chakula vya mbegu kavu na mililita 100 za mafuta ya mbarika, hayo ambayo Bara wanayaita ya nyonyo. Nachagua mbarika kwa sababu ni mazito, yanakaa mdomoni bila kutiririka, na yanatoa ule mng'ao ambao wengine wanaununua kwenye vichupa vya lipushaini. Weka mbegu na mafuta kwenye bakuli la kioo, weka bakuli juu ya sufuria yenye maji yanayofuka polepole, na uache nusu saa mpaka dakika 40 huku ukikoroga mara moja moja. Usikaange. Moto mkali huiharibu rangi, inageuka kutoka wekundu wa machungwa ikawa manjano ya kuchosha. Ukimaliza funika, acha mpaka asubuhi, kisha chuja kwa kitambaa cha melimeli, mara mbili ikibidi, maana punje moja iliyobaki itakukwaruza mdomo.

Sasa mafuta yenyewe ya mdomo. Hapa ndipo unapotakiwa kuzisahau zile resipe za watu wa nchi za baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu na nyuzi 24 za Selsiasi. Kwa mtu wa London hayo ni siagi. Kwetu, ukiacha asubuhi chache za kipupwe, ni maji mwaka mzima. Resipe yenye nta kidogo itakumwagikia mkobani kabla hujafika soko la Darajani. Mimi natumia gramu 10 za nta ya nyuki, gramu 15 za mafuta ya nazi na gramu 20 za yale mafuta ya mzingefuri. Nta ikizidi hapo mdomo unakuwa mgumu na rangi inapaka kwa mabaka. Ikipungua sana kikopo hakigandi. Nunua nta safi ya manjano yenye harufu ya asali. Tabora wanarina asali kwa wingi na nta yao hufika masoko ya Dar es Salaam, kwa hiyo si kitu cha kutafuta kwa tochi.

Yeyusha nta kwanza peke yake juu ya maji ya moto, maana yenyewe inataka nyuzi 62 na zaidi, ndipo utie mafuta. Kama mafuta yako ya nazi ni ya kupika nyumbani kutoka kwenye tui, yachemshe kabla ya yote mpaka vile viputo na ule mlio wa maji vikome kabisa. Maji kidogo yaliyojificha humo ndiyo yanayofanya kikopo kinuke uvundo baada ya wiki tatu. Vikopo vifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 na vikauke. Mimina, usivifunike mpaka vipoe, kisha uandike tarehe. Miezi sita inatosha. Harufu ikibadilika mapema, tupa.

Usitegemee rangi nzito kama ya lipstiki. Mzingefuri hupaka wekundu wa udongo wa tofali, unaopitisha rangi ya mdomo wako, na kwenye midomo myeusi unatoa joto zuri ambalo sijaliona kwenye kichupa chochote. Ukitaka uzito, jaza kwanza mdomo wote kwa penseli ya hudhurungi iliyokolea au ya zambarau, kisha paka mzingefuri juu. Jihadhari na nguo nyeupe. Mtandio wa bibi harusi ukigusa rangi hii, sabuni peke yake haiitoi. Mtie mtandio kwanza, mdomo uwe wa mwisho.

Kama hujawahi kutumia mzingefuri, paka kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili. Kipimo hiki nakitaka kwa kila kitu kitakachotajwa hapa, pamoja na vile ambavyo bibi yako alivitumia maisha yake yote, kwa sababu mzio haurithiwi kwa utaratibu.

Liwa: pambo kabla ya kuwa dawa

Wengi wanaijua liwa kama kitu cha kulala nacho uso upoe na chunusi zinyauke. Mimi naipenda zaidi ikiwa imechorwa. Wangazija na watu wa Mayotte wana msindzano wao: mwanamke anatoka mchana kweupe, uso una rangi ya manjano, na siku ya sherehe mashavu na paji la uso yamechorwa maua na majani kwa nukta ndogondogo. Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji wana mussiro, mweupe, wa mti mwingine kabisa. Bahari ni moja na mikono ni ileile, na sisi Unguja tumeiacha sanaa hii ikalala chumbani.

Unahitaji kipande cha mti wa liwa, jiwe la kusagia na marashi. Nyunyiza jiwe, sugua mti kwa mzunguko, na kadiri uji unavyotoka uvute pembeni kwa kidole. Usiwe na haraka. Liwa ya kusaga papo hapo inashinda unga wa paketi, ambao mara nyingi ni vumbi la mbao lililotiwa manukato. Ukinunua unga, nusa: liwa ya kweli ina harufu tulivu inayokaa, ya bandia inapiga pua mara moja kisha inatoweka. Na uliza mti umetoka wapi. Msandali wetu wa Afrika Mashariki umekatwa ovyo hata tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa viumbe na mimea iliyo hatarini. Kipande kimoja kizuri utakaa nacho miaka, kwa hiyo hakuna haja ya kununua gunia.

Kwa kuchora, liwa iwe nzito kiasi kwamba ukiinua kijiti tone halidondoki. Uso uwe umeoshwa na kukaushwa, bila mafuta, la sivyo nukta zitateleza. Chukua kijiti cha meno upande wa nyuma, uliofyekwa ncha. Anza na nukta moja katikati ya shavu, zungusha tano au sita kuizunguka, umepata ua. Kutoka hapo shuka na mstari wa nukta zinazopungua ukubwa kuelekea sikioni. Shavu la pili lifanane na la kwanza kwa kukadiria tu. Ukipima kwa rula uso unakuwa kama karatasi. Ukitaka rangi mbili, gawa liwa yako na sehemu moja utie unga wa kakao. Manjano ya bizari usitie, kwani bizari ya manjano hutia doa na utaamka na mashavu ya rangi ambayo hukuiomba.

Ikikauka, kama baada ya robo saa, itaanza kupasuka ukicheka. Kwa hiyo picha zipigwe mapema. Kwa siku kama ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, au usiku wa Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, chora upande mmoja tu kutoka nyusi hadi kidevu na uache upande mwingine mtupu. Pambo la aina hiyo linaonekana kwa mbali na halihitaji kitu kingine zaidi ya wanja.

Singo, kwa ufupi

Singo kila nyumba ina yake na sitaki ugomvi na mama wa mtu. Msingi wangu ni asmini, waridi na mlangilangi, vimekaushwa kivulini mpaka vikavunjika, vikatwangwa pamoja na unga wa liwa na mpachori kidogo. Siku ya kusinga ndipo unapokanda kwa marashi, unasugua mwili mzima mpaka inakauka na kudondoka yenyewe pamoja na taka za ngozi. Karafuu weka punje chache tu, na singo yenye karafuu isifike usoni wala mahali palipotoka kunyolewa. Mafuta ya karafuu yana eujeno, ndiyo inayotia ganzi jino likiuma, na kwenye ngozi laini inaunguza. Unga mkavu ukae kwenye chupa iliyofungwa. Ule uliokandwa ukibaki, mwaga.

Hina, na neno langu kuhusu piko

Hapa nitakaa kidogo.

Unga wa hina mzuri ni wa kijani, unanuka majani makavu, na umepita kwenye chekecheke laini. Gramu 100 zinawatosha watu kadhaa kwa mikono na miguu. Tia maji ya limau kidogo kidogo, karibu kikombe kimoja, mpaka upate uji mzito, funika kwa nailoni iguse uji wenyewe, na uache kwenye joto la chumba. Kwetu saa sita mpaka nane zinatosha rangi kutoka. Mahali pa baridi inahitaji usiku kucha na zaidi. Utajua iko tayari ukipaka tone kiganjani kwa dakika tano ukaona alama ya machungwa. Hapo tia vijiko viwili vya chakula vya sukari, ili uji unate na usikauke upesi ukabanduka, na kijiko kimoja cha mafuta ya lavenda. Mafuta ya aina hii huikoleza rangi. Karafuu pia hukoleza, na Pemba kuna kiwanda cha makonyo pale Wawi kinachotoa mafuta makali kabisa, lakini matone mawili matatu yasizidi kwa kiasi hicho cha hina.

Natumia limau badala ya ndimu kwa makusudi. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi yanaweza kuacha majeraha ya kuungua na madoa meusi ya wiki nyingi. Kama ndimu ndiyo iliyopo, chora usiku na asubuhi usitoke nje kabla hujaondoa hina yote na kunawa mahali palipomwagikiwa. Chai ya rangi iliyopoa nayo inafaa kwa mtu mwenye ngozi nyepesi kuwashwa.

Ukichora, iache kwa muda wa saa sita mpaka nane. Ukiona inakauka, igonge kwa pamba yenye maji ya limau na sukari. Kuiondoa usinawe: ikwangue kwa upande butu wa kisu, paka mafuta ya nazi, na kaa mbali na maji mpaka siku ya pili. Rangi itatoka ya machungwa na bibi harusi atakuangalia kwa wasiwasi. Mwambie asubiri. Hina hukolea kwa siku mbili, na kiganja, ambacho ngozi yake ni nene, hukolea kuliko mgongo wa mkono. Kwa hiyo hina ya Ijumaa ichorwe Jumatano.

Sasa piko. Kila harusi haikosi shangazi. "Mwanangu, bibi harusi bila piko ataonekana kapambwa?" Namjibu kwa heshima zote: "Shangazi, mkono wangu huu ni wako, lakini ngozi ni ya mtoto wako. Piko sitii." Na sibadilishi.

Piko inayouzwa kwa maua meusi ni dawa ya nywele, na weusi wake unatokana na kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Kwenye nywele hupakwa kwa muda mfupi na kuoshwa. Ulaya sheria inaweka kikomo cha asilimia 2 kichwani na hairuhusu ipakwe ngozini kama pambo. Kwetu inakorogwa kwa kukisia na inakaa mkononi. Kwa wengine hakitokei kitu mara ya kwanza, ndiyo maana inapata umaarufu. Mwili unajifunza kuikataa, kisha safari nyingine ua zima linavimba malengelenge, na makovu yanafuata mchoro uleule. Mzio huo haupoi. Mtu anaubeba maisha yake yote, akipaka dawa ya nywele anavimba uso, na unaweza kumfuata hata kwenye baadhi ya dawa za ganzi. Hina ya asili haiwi nyeusi. Uji wowote unaotoa weusi ndani ya saa moja si hina, liandikwe lolote kwenye koni.

Na watoto wachanga wasitiwe hina, hata iliyo safi. Wapo watoto, na pwani ni wengi, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Kwao hina inaweza kupasua chembe nyekundu za damu, mtoto akawa njano na mahututi. Mkono wa mtoto wa arubaini ni mzuri ulivyo.

Macho ya kisutu

Hili ndilo pambo ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji paleti ya rangi 50. Kisutu ni kanga ya harusi, ya tangu enzi: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Tunaihamishia usoni. Nyeusi na nyeupe zinakwenda machoni, nyekundu inabaki mdomoni. Usichukue lipstiki ukaipaka juu ya jicho, kwani kwa sheria za Marekani rangi nyingi nyekundu za midomo hazikuruhusiwa kutumika karibu na jicho.

Uso kwanza. Kwa unyevu wa hapa, adui ni unene. Paka losheni nyepesi, subiri mpaka iingie, ndipo fandesheni kwa tabaka nyembamba, ukibonyeza kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa. Rangi ichague kwa kuipaka kutoka taya hadi shingo, mlangoni penye mwanga wa jua, kamwe si chini ya taa ya duka. Tangu 2017, Fenty Beauty walipotoka na rangi 40 kwa mkupuo, kampuni nyingi zimepanua safu zao na mtu mweusi hapewi tena ile moja ya kijivu. Hata hivyo nyuso nyingi zinataka chupa mbili zichanganywe: paji la uso kwa kawaida ni jeusi kuliko mashavu, na ukilipaka rangi ya mashavu picha itakusema. Chini ya macho, kabla ya konsila, gusa kwa rangi ya machungwa iliyokolea. Buluu ya uchovu hufutwa na machungwa, wakati konsila nyeupe huigeuza majivu. Poda weka kidogo kwenye paji, pua na kidevu. Zile poda nyeupe za silika zikipigwa na flashi hurudisha mwanga, na utamwona bibi harusi kwenye picha kama aliyemwagikiwa unga wa ngano.

Nyusi zijaze kwa vinywele vifupi, chini kukolee, juu kufifie. Kisha jicho.

Kanga ina mji na pindo. Mji, yaani ukope wa juu wote, ubaki mtulivu: konsila nyembamba, poda, na dhahabu iliyofifia au rangi yako mwenyewe. Pindo ndilo linalochorwa. Angalia kioo mbele, macho wazi, na fikiria ukingo wa ukope wa chini ukiendelea kupanda kuelekea mwisho wa nyusi. Weka nukta hapo. Fanya vivyo hivyo jicho la pili kabla ya kuchora mstari wowote, maana nukta hufutika kwa urahisi na bawa halifutiki. Unganisha nukta na ukope kwa wanja wa maji, usivute ngozi kwa kidole. Ukivuta, ngozi ikirudi bawa linajikunja.

Juu ya mfinyo wa ukope pitisha mstari wa pili mweusi, mwembamba, ukifuata umbo la jicho. Kati ya mistari miwili ndipo penye pindo. Kwa rangi nyeupe ya uso, ile inayoloweshwa kwa maji, inayouzwa kwa ajili ya kuchora nyuso, na kichwa cha pini, weka nukta moja ukopeni, usawa wa mboni, kisha moja kulia, moja kushoto, ukienda ukipunguza ukubwa. Kwenye kona ya nje chora korosho: tone lenye mkia uliopinda kuelekea juu, weusi nje, nukta nyeupe ndani. Rangi ya ukutani, wino wa kufutia makosa na rangi za darasani visikaribie jicho hata kama mkono wako ni mwepesi kiasi gani.

Mdomo: penseli ya rangi ya damu ya mzee, mzingefuri juu yake. Kwa mgeni mwalikwa, achia hapo. Kwa bibi harusi ongeza nukta tatu nyeupe chini ya kila jicho, kikuba cha asmini kwenye nywele, na mashavu uyaache. Macho ya kisutu hayataki mashavu yanayoshindana nayo.

Wanja na mkorogo

Wanja wa manga, lile jiwe jeusi linalong'aa linalosagwa, mara nyingi ni galena, yaani madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto, ubongoni. Najua tunawapaka watoto macho na nyusi ili jicho baya liwapite. Naomba tuwapambe kwa kanzu na kofia. Kwako mwenyewe, nunua penseli iliyofungwa na yenye jina la mtengenezaji, ichonge kila unapopaka, na ukae nje ya nywele za kope, si ndani penye unyevu. Usimwazime mtu, hata dada yako.

Na mkorogo sitii mkono. Bibi harusi akija mwezi mmoja kabla akasema anataka "kung'aa kidogo," namwambia anywe maji, alale, na ajisinge kwa singo. Kwenye mikorogo kuna haidrokwinoni, dawa za steroidi, na mara nyingine zebaki, inayoharibu figo. Soma kikopo: ukikuta "calomel," "mercurous chloride" au "mercurio," rudisha dukani. Zanzibar msimamizi wa vipodozi ni ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa. Bara, tangu 2019, kazi hiyo iko TBS, Shirika la Viwango. Kikopo kisicho na jina la kiwanda, orodha ya viambato wala tarehe, hakina wa kumshitaki uso ukiharibika.

Kuvua

Usilale na kisutu machoni. Lowesha pamba kwa mafuta ya nazi, iweke juu ya jicho lililofumbwa ukihesabu mpaka 30, kisha vuta kuelekea chini bila kusugua. Osha kwa sabuni laini na uhakikishe mafuta yametoka yote, hasa kama una chunusi, maana mafuta ya nazi huziba vinyweleo vya ngozi za aina hiyo. Limau lisipakwe usoni kwa jina la kusafisha, wala magadi: ngozi ina asidi kidogo, magadi yanaivua kinga yake ukabaki unawashwa siku nzima.

Brashi na sponji zioshwe usiku huohuo kwa sabuni na maji vuguvugu, zilazwe ubavu zikauke. Ukizisimamisha maji huingia kwenye gundi na manyoya yanang'oka. Maskara ikifika miezi mitatu, itupe hata kama imejaa.